Tulipouhamisha Waya kutoka kwa Opareta

Nyumbani kwetu kulikuwa na simu miaka ambayo nyumba nyingi za upande wetu hazikuwa na stima. Watu wakisikia hivyo hufikiri tulikuwa matajiri. Hatukuwa. Baba alikuwa fundi wa injini katika kiwanda cha chai cha kampuni, ng'ambo ya kijito, na injini zile zilikuwa na tabia ya kuzima wakati majani yameshasagwa na yanangoja kukaushwa. Majani yakikaa hivyo kwa muda mrefu ni ya kumwaga. Kwa hiyo kampuni ilivuta waya kutoka ofisini, ukapita juu ya chai, ukaandamana na barabara kidogo, ukavuka kijito na kuingia kwa dirisha la sebule yetu, ili Baba aitwe upesi. Alipostaafu, hakuna aliyekumbuka kuja kuukata. Simu ikabaki juu ya kabati, nyeusi na nzito, imefunikwa kitambaa alichofuma Mama.

Nataka kueleza jinsi simu ile ilivyofanya kazi, kwa sababu bila kuelewa hilo ni vigumu kuelewa yaliyotupata. Si jambo gumu, nifuate tu polepole. Simu yetu haikuwa na tarakimu za kubonyeza wala za kuzungusha. Ilikuwa na mpini mdogo ubavuni. Ukiuzungusha, kibati kidogo kiliangushwa kwenye ubao mkubwa uliokuwa ofisini kwa kampuni, na mtu aliyeketi mbele ya ubao huo akajua ni kwetu. Alichomeka waya wake katika tundu letu na kuuliza, "Unataka nani?" Ukimtajia, alichomeka ncha ya pili katika tundu la huyo unayemtaka. Kama unayemtaka alikuwa nje ya shamba, aliwaomba watu wa posta ya mjini wamvushe. Mtu wa mbali naye akitutaka sisi alipita njia hiyo hiyo. Hakuna neno lililoingia kwetu kwa waya bila kupita kwanza mkononi mwa mtu huyo mmoja.

Tulimwita Opareta. Alikuwa ametoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaajiriwa ofisini, akaoa, akazaa watoto wake wote katika vijumba vya wafanyakazi vya kampuni. Kikipsigis chake kilikuwa cha kuvunjikavunjika lakini hakukionea haya. Baba alimpenda. Wakikutana sokoni Litein siku ya soko, watu walisimama kuwasikiliza.

"Omera!" Baba angeanza, yaani ndugu kwa lugha ya kwao Opareta. "Wewe mtu wa samaki, wiki hii umesikia siri za nani?"

"Chamgei," Opareta alimjibu kwa salamu yetu, "mzee wa mursik, mzee wa maziwa ya kibuyu. Nimesikia zako. Kila siku unapiga Siongiroi kuuliza bei ya ng'ombe, na hununui hata mkia."

"Sasa wewe ni opareta ama ni mke wangu?"

"Mke wako hajui. Mimi najua."

Ni kweli alijua mambo ya kila mtu, na ni kweli pia kwamba hatukuwahi kusikia neno la nyumba moja likitokea katika nyumba nyingine kupitia kwake.

Kulikuwa na simu za aina moja ambazo hakuziunganisha. Kwetu, habari ya kifo haipelekwi kwa mtu aliye peke yake, na mama haambiwi kabla ya mwenye boma. Wanatafutwa kwanza wanaume wa rika la mwenye boma, na kina mama wa kanisa. Wanakuja pamoja, wanaingia, wanaketi. Mwenye nyumba anawakaribisha chai, na wanaikataa. Katika nchi yetu, ambako mtu hukataa chai kwa nadra sana, huko kukataa ndiko kunakoanza kumwambia. Kisha mzee mmoja anasema neno lenyewe, na mtu anayeangukiwa na neno hilo anakuta mikono ya watu pande zake zote.

Opareta hakuzaliwa na desturi hiyo vile ilivyo kwetu, lakini aliishi nayo miaka mingi, na aliitengea mahali pake kwenye ubao. Mtu akipiga kutoka hospitali au mjini na sauti yake ikawa ya namna ile, Opareta alimwambia, "Laini ya hapo imekata, niachie ujumbe." Halafu alimwomba karani mwenzake amshikie kiti, akatoka kwa miguu kuwatafuta wazee wa rika. Kwa sababu hiyo wafanyakazi walizoea kumwogopa akionekana nje ya ofisi wakati wa kazi. Mwanamke mmoja, alipomwona anapanda kilima na koti lake, alikaa chini katikati ya chai akaanza kulia. Kumbe siku hiyo Opareta alikuwa anaenda kung'olewa jino.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na ninangoja kutumwa shule. Ndugu yangu mkubwa alikuwa amelazwa Nairobi. Figo zake zilikuwa zinashindwa, na miguu yake ilivimba hadi akaacha kuvaa viatu. Alikuwa seremala huko mjini, hajaoa, mwenye kelele na mzaha mwingi, na Mama alimpenda kwa namna ambayo sisi wengine tuliikubali kama mvua. Baba aliweza kwenda kumwona mara kwa mara. Mama hakuweza: mgongo wake ulikuwa umeharibika kwa miaka ya kubeba kikapu cha majani, na safari ndefu ya gari ilimlaza kitandani.

Basi Mama alitaka kitu kimoja tu, na alikisema wazi: amsikie kijana wake kwa masikio yake, kabla ya lolote.

Ugumu ulikuwa huu. Wagonjwa wa wodi ile waliruhusiwa kutoka hadi kwenye simu ya ukutani jioni, baada ya dawa. Na jioni ofisi ya kampuni ilikuwa imefungwa. Opareta akivua visikilizio vyake vya masikioni na kwenda nyumbani, nyumba zote za upande wetu zilikuwa kama hazina simu. Ndugu yangu alipiga, ikalia katika chumba kisicho na mtu. Asubuhi Baba alimpigia karani wa wodi, akaambiwa, "Alijaribu jana, mzee. Hakupata." Mama alisikia hayo akiwa amesimama nyuma ya Baba, na kila mara aliuliza, "Alijaribu?" kana kwamba hiyo peke yake ilikuwa ni salamu.

Kuomba simu mpya posta ilikuwa kazi ya kungoja hadi usahau kwamba uliomba. Lakini Baba aliuliza, na fundi mmoja wa posta akamweleza jambo ambalo hatukulijua. Kwenye njia panda, mahali waya wetu unapoandamana na nguzo za posta, kulikuwa na sanduku la chuma. Waya wetu ulipita humo ukielekea kwenye kampuni.

"Waya wenu ni mzima," fundi alisema. "Nguzo ziko. Hatuhitaji kuvuta kitu. Kampuni ikikubali kuwaachilia, mimi natoa ncha upande wa kampuni, naweka upande wa posta. Laini ni ile ile. Kinachobadilika ni nani anayewapitishia simu."

"Na huko posta nani ameketi?" Baba aliuliza.

"Hakuna mtu, mzee. Ni mashine. Mtu akipiga namba yenu, mashine inamleta moja kwa moja."

Baba alicheka. Alikuwa amefanya kazi na mashine maisha yake yote. "Hakuna mashine inakaa peke yake," alisema. "Kila injini iko na mtu wake. Hata kama amelala, yuko."

Fundi naye akacheka, akaacha hapo. Nimelifikiria cheko hilo mara nyingi. Baba hakuwa mjinga. Alikuwa anasema alichokijua kwa mikono yake. Katika kiwanda, pembeni ya kila injini kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza. Baba mwenyewe alikuwa mtu huyo. Kwa hiyo aliposikia mashine, aliona kigoda na mtu.

Ilibidi aende kumwambia Opareta. Nilifuatana naye kwa sababu alisema ananihitaji kubeba mtungi wa maziwa, na Baba hakuwahi kuhitaji mtu wa kumbebea maziwa. Tulimkuta dirishani. Baba alizunguka mbali sana: mvua, majani, watoto. Opareta akamsubiri.

"Mzee, umekuja kutoa laini," alisema mwishowe.

"Nani amekwambia?"

"Meneja ameniambia nikutoe kwa ubao. Nilikuwa nangoja uje uniambie mwenyewe."

"Si wewe, omera. Ni saa. Kijana anapiga jioni."

"Najua anapiga jioni. Ingekuwa ni mimi naamua, ningelala hapa." Akaangalia ubao wake. "Mama atamsikia. Hiyo ni mzuri. Lakini mzee, huko kwa posta, hizo simu zingine... zile mbaya... nani atazishika?"

"Kuna mtu huko."

Opareta alichukua maziwa, akasema kwamba ng'ombe wetu wanakunywa maji mengi kuliko wanavyokula nyasi, Baba akamjibu tusi la kirafiki, tukaondoka.

Kampuni ilitutoa upesi. Posta ilikawia kidogo kwa sababu ya mvua, na siku hizo za katikati zilikuwa mbaya, kwa kuwa simu ilikuwa pale juu ya kabati na hakukuwa na chochote ndani yake. Mama aliinua mkono wa simu kila alipopita akiwa na ufagio, akasikiliza, akaurudisha. Kisha asubuhi moja fundi alikuja na simu nyingine, ya kijivu, yenye kibao cha kuzungusha namba, akachukua ile nyeusi, akapanda nguzo ya njia panda, akashuka. Mama aliinua na kusikia mlio mrefu. Aliniita nikausikie na mimi.

"Inasema nini?" aliniuliza.

"Inasema iko tayari."

Baba alisafiri kwenda Nairobi wiki hiyo hiyo, akampa ndugu yangu namba. Akampa na karani wa wodi. "Pigeni saa yoyote," alimwambia karani. "Kuna mtu ambaye atapokea kwanza." Karani alidhani anamaanisha mtu wa nyumbani.

Ilipolia jioni ya kwanza, tulikuwa tunakula. Mama alikuwa karibu nayo kuliko wote, na nadhani alikuwa amejipanga kuwa karibu. Aliinua, akapaza sauti kama tulivyozoea sote:

"Opareta, nipe mtoto wangu!"

Tukasikia kicheko kikitoka katika simu hadi mezani. "Mama, ni mimi. Hakuna mtu katikati."

"Uko wapi?"

"Niko ukutani. Nimesimama, kama askari."

"Usisimame! Keti!"

"Hakuna kiti, Mama. Niambie, majani yenu mnapeleka wapi? Hapa wanatupatia chai ya rangi ya maji ya kuosha miguu."

"Nitamtuma baba yako na majani."

"Mwambie alete na ile ya kiwanda, si ile ya vumbi tunayokunywa huko nyumbani. Mimi ni mgonjwa, nastahili chai ya wazungu."

Mama alicheka hadi akakalia kiti cha Baba. Sarafu za ndugu yangu zikaisha, sauti ikakatika, na Mama akabaki ameushika mkono wa simu kifuani. Baba hakuomba kiti chake. Alikula akiwa amesimama.

Alipiga jioni nyingi baada ya hiyo. Sitazihesabu. Mwanzoni alikuwa na mzaha, kisha akawa anaongea polepole zaidi, akipumzika katikati ya maneno, na Mama naye akajifunza kungoja katika kimya kile bila kukijaza. Ukitaka kujua alichomwambia katika vimya hivyo, hakuna. Alikuwa anamsikia akipumua. Baadaye akawa anapiga mgonjwa mwenzake kwa niaba yake: "Mama, amesema anawasalimia, leo miguu imekataa." Kisha jioni kadhaa zikapita kimya.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kupeleka majani ya shamba letu la chai. Baba na mimi tulikuwa kwenye kituo tangu asubuhi. Kituo ni banda la mabati lenye mizani. Wakulima hupanga foleni na vikapu, karani hupekua majani na kuyakataa yaliyokomaa, halafu wote hungoja lori. Lori lilichelewa. Baba alikuwa ameketi juu ya gunia akibishana na wenzake kuhusu mbolea. Sikuwapo nyumbani, kwa hiyo ninayoeleza sasa niliyapata baadaye, mengine kwa Mama na mengine kwa Opareta.

Simu ililia Mama akiwa anasafisha kibuyu cha maziwa. Alikuja mbio kwa sababu alidhani ni kijana wake, ingawa haikuwa jioni.

Sauti ilikuwa ya mwanamume mpole. Alitaja jina la ndugu yangu, akauliza kama hapo ni kwao.

"Ndiyo, ni kwao."

"Naongea na nani, tafadhali?"

"Mama yake."

"Mzee yuko?"

"Ameenda na majani."

"Kuna mtu mwingine mkubwa hapo karibu, Mama? Jirani?"

"Mtu mkubwa ni mimi," Mama alisema. "Sema."

Akasema. Alisema vizuri, Mama hakuwahi kumlaumu. Alimwita Mama, akampa pole, akasema kijana ameondoka asubuhi hiyo bila maumivu. Mama alimshukuru. Halafu akamuuliza, "Alikuwa amekunywa chai?"

Mtu yule alisema hajui. Akasema ataenda kuuliza. Mama akamwambia asijisumbue, akaweka mkono wa simu mahali pake na kukirudisha kitambaa.

Naomba mtu anayesoma asimame naye hapo sebuleni kwa muda. Habari ilikuwa imeingia katika nyumba yake na hakuna aliyeishika kabla yake. Angeweza kupiga unyende. Kilima kizima kingekuja. Lakini sauti ya unyende inavuka bonde haraka kuliko miguu. Ingemfikia Baba pale kituoni juu ya gunia lake, katikati ya maneno ya mbolea, na angemtambua mkewe kwa sauti. Angejua yote bila mtu kumshika. Na yeye Mama hangeweza kwenda kumwambia kwa kinywa chake. Hakuna mwanamke wa kwetu ambaye Mama alikuwa amewahi kumwona akifanya hivyo. Hakujua mtu anaanzaje.

Akavaa kitambaa chake cha kanisani, akafunga mlango, akashika njia ya kampuni. Mgongo wake ulimsimamisha mara kwa mara. Waliokuwa wakichuma chai walimsalimia, naye akaitikia.

Opareta alimwona dirishani akashangaa. "Mama, mbona umekuja kwa miguu? Hiyo simu ya posta imeharibika tayari?"

"Haijaharibika. Inafanya kazi."

Opareta akavua vile vya masikioni.

"Wamepiga," Mama alisema. "Wameniambia."

"Wewe? Peke yako?"

"Peke yangu. Sasa sikia, Opareta. Mimi siwezi kumpelekea Mzee. Chukua wewe. Ulete nyumbani vile ulikuwa unaleta."

"Mama, mimi nyumba yenu ilishatoka kwa ubao."

"Sijakuuliza ubao."

Ubao ulikuwa unaangusha vibati, watu wanataka kuunganishwa, naye Opareta hakuchomeka waya hata mmoja. Mwishowe alisema, "Rudi nyumbani, Mama. Usiniangalie nikija." Akamwita karani mwenzake ashike kiti, akachukua koti.

Mimi nilimwacha Baba kituoni na wenzake, nikafika nyumbani kabla yake, na kikapu kitupu. Nilimkuta Mama amefagia uwanja, ametoa viti vyote vya ndani na mabenchi ya jikoni, ameviweka sebuleni vikiwa vimebanana. Viatu vyake vilikuwa na matope mekundu hadi juu. Nikauliza kama kuna mkutano wa kina mama.

"Watakuja watu," alisema.

"Basi niweke chai."

"Usiwashe moto. Hawatakunywa."

Sikuwa mtoto. Nikakalia benchi lililokuwa karibu. Mama akaja akaketi kando yangu, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu sana, akasema, "Bado. Baba yako kwanza."

Tulikaa hivyo. Kisha tukawasikia njiani. Baba alikuwa mbele, wazee wa rika lake wawili wakiwa pembeni yake na Opareta nyuma, na kina mama wa kanisa wakija kwa njia ya pili. Wazee walikuwa wamemchukua kituoni kwa kisingizio cha kesi ya mpaka. Nadhani alishaanza kuelewa alipoona viti. Lakini alikuwa mwenye boma, na mwenye boma hukaribisha.

"Mama," alisema, "watu wapewe chai."

"Hatutakunywa," mmoja wa wazee alisema.

Baba akaketi. Mzee yule akamwekea mkono begani, yule wa pili akashika goti lake, na neno likasemwa kama inavyotakiwa, polepole, na jina la marehemu mwishoni. Baba alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na mikono ilikuwa pale, na ilimshika.

Hapo ndipo Mama alipolia. Kina mama walimzunguka wakidhani ndiyo kwanza ameambiwa, na hakuna aliyeona tofauti, kwa kuwa haikuwapo. Opareta alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia yake, akiangalia chini.

Tulimzika upande wa chini wa boma, karibu na chai. Sitaeleza hayo. Ninachotaka kumalizia ni swali ambalo Baba alianza kuliuliza siku wageni walipopungua. Alimuuliza Opareta: hospitali walikuwa na namba yetu mpya, aliwapa mwenyewe. Kwa nini walipiga kwa kampuni?

Opareta alimtazama Mama mara moja tu. "Yenu ilikuwa haiingii, mzee. Ilikuwa imekata."

Baba alilishika jambo hilo. Huzuni yake yote, ambayo haikuwa na mahali pa kwenda, ilienda huko. Alisema alihamisha laini ili mtoto asikosekane, na siku moja iliyokuwa na maana, ikakata. Alienda posta mara ya kwanza, ya pili. Alizungumza kwa sauti ya juu, yeye ambaye hakuwa mtu wa kelele. Mwishowe yule fundi akaja.

Alipima waya nyumbani, akaenda kwenye sanduku la njia panda, akapanda nguzo, akarudi akiwa amelowa umande wa chai hadi kiunoni.

"Mzee, hii laini ni nzima. Sijaona kasoro."

"Siku hiyo ilikuwa imekata."

"Siku gani?"

Baba akamwambia. Fundi akafikiri, na alikuwa mtu mkweli. "Mzee, siku hiyo hakuna laini ilikata barabara hii. Ningejua."

Baba aligeuka kumtazama Mama. Alikuwa ameingia na birika, anamwekea fundi kikombe. Nilikuwa mlangoni, na nilimwona akijaza kikombe hadi ukingoni bila kumwaga hata tone.

"Ilikuwa imekata," Mama alisema. "Mimi nilikuwa hapa siku nzima. Haikulia."

Fundi alimtazama kwa muda. Sijui aliona nini. Alichukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakirudisha taratibu mezani.

"Basi pengine ilikuwa kule kwa sanduku," alisema. "Maji huingia. Pole, mzee. Nimelikaza."

Baba akageuka kwangu.

"Unaona?" aliniambia. "Nilijua."

Nikamwambia naona. Nikavikusanya vikombe nikaenda kuviosha.